Walimu, mnafanyaje na vitu vitamu vya ofisini?

vumbi_la_chaki
Habarini wadau, hasa walimu wenzangu. Naomba mawazo yenu kwa hili, na tafadhali msiniambie "acha tu", hilo nimeshaambiwa sana nyumbani.

Nafundisha shule ya msingi. Nikiwa likizo mimi na sukari hatuna ugomvi kabisa, yaani pakiti ya biskuti inaweza kukaa kabatini mpaka nikaisahau. Shule ikifunguliwa tu mambo yanageuka. Ofisini kwetu ile meza ya katikati haikauki, leo mtoto wa fulani kafaulu imeletwa keki, kesho kuna anayeaga, kesho kutwa mzazi katuma boksi la chokoleti kushukuru, na hapo bado sijafika darasani ambako watoto wana pipi zao za bethdei, mtoto anakupa moja alafu anasimama hapo hapo anakuangalia anasubiri uimenye, utakataaje? Na kuna droo yangu mwenyewe ya pipi za zawadi kwa wanaofanya vizuri, sasa sijui tuseme wanaofanya vizuri wamepungua au vipi maana zinaisha haraka mno 😂

Kinachonishangaza ni saa zake. Asubuhi niko vizuri tu. Saa nne mapumziko naanza kuizungukia meza, alafu jioni vipindi vikiisha nikikaa na rundo la madaftari ya kusahihisha hapo ndo sijiwezi, mkono unaenda wenyewe macho yako kwenye daftari. Sina kisukari, nimepima, ila kwenye ukoo kipo kwa hiyo nataka nijipange mapema. Nyie mlio kwenye mazingira haya haya mnaishije?

zamu_ya_jumatatu
Mwalimu kabla ya yote nikuulize, unakula nini kabla ya kipindi cha kwanza? Nauliza kwa sababu nawaona walimu wengi wanatoka nyumbani na kikombe cha chai tumboni, basi, wanasimama wima vipindi vitatu wanaongea kwa sauti, kengele ya mapumziko ikilia badala ya kula wanaamua kesi ya nani kamsukuma nani. Ikifika hapo wewe una njaa, hiyo hata usiiite tamaa, na mtu mwenye njaa akiingia ofisini akakuta kitu kimoja tu cha kuliwa na hicho kitu ni keki, atakula keki. Ungekuta mayai ya kuchemsha ungekula mayai.

Mimi kilichonisaidia ni kula chakula cha kueleweka asubuhi, yai au maharage au hata karanga na mkate usiokobolewa, kitu chenye protini na nyuzinyuzi kinachokaa tumboni, alafu nabeba kitu kingine cha saa nne kwenye mkoba. Nakila NJIANI kabla sijafungua mlango wa ofisi. Ukiingia pale umeshiba ile keki unaiona kama keki tu. Hiyo ya jioni nayo hivyo hivyo, jiulize cha mchana ulikula saa ngapi na ulikula umekaa au umesimama unasimamia foleni ya watoto.

mwl_wa_hesabu
Ngoja niweke namba maana ndo kazi yangu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote unayopata kwenye chakula kwa siku, na ukishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 hiyo asilimia 10 ni kama gramu 50, na asilimia 5 ni gramu 25. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Kwa hiyo kikomo ni vijiko 12, na palipo bora ni 6.

Sasa fanya hesabu ya chai peke yake. Vikombe vinne, kila kimoja vijiko viwili, ni gramu 32, hujagusa keki wala pipi. Kopo la soda ya kola la mililita 330 lina kama gramu 35. Walimu tunalaumu keki ya kila baada ya siku kadhaa wakati chupa ya chai iko pale kila siku na hakuna anayeihesabu. Na kabla mtu hajaja na habari ya asali, asali nayo imo kwenye hesabu hiyo hiyo, na juisi pia hata uikamue mwenyewe. Tunda zima halihesabiwi humo.

vumbi_la_chaki
@mwl_wa_hesabu umeniharibia siku hahaha. Chai sikuwahi hata kuiweka kwenye kundi la vitu vitamu, kwangu chai ni chai. Na ukweli ni hivyo vikombe vinne kama hujaongeza cha tano cha madaftari.
@zamu_ya_jumatatu asubuhi ni chai na kipande cha mkate nikiwa navaa viatu, kwa hiyo umenipata hapo hapo.

mwl_wa_hesabu
Usiikate yote kwa mpigo, utarudi kwa hasira. Toa nusu kijiko, kaa hivyo mpaka ulimi uzoee, toa nusu nyingine. Baada ya muda ukionja chai ya wenzako utaona wanakunywa sharubati.

bora_vidonge
Kwani si utumie vile vidonge vya utamu visivyo na sukari? Unakunywa chai yako tamu na maisha yanaendelea.

mwl_wa_hesabu
Mei 2023 Shirika hilo hilo la Afya lilitoa mwongozo likashauri tusivitumie kwa ajili ya kudhibiti uzito, wanasema kwa muda mrefu havionyeshi faida kwenye kupunguza mafuta ya mwili. Ushauri huo hauwahusu walio na kisukari tayari, hao wana maelekezo yao na daktari. Na mimi naona ulimi wenyewe ukiendelea kulishwa utamu mkali utaendelea kuudai, ila hilo ni langu.

nesi_aliyegeuka_mwalimu
Nilikuwa nesi kabla ya kuingia darasani kwa hiyo mnivumilie nitaandika kirefu kidogo, kuna mambo mawili matatu ya walimu ambayo hayajatajwa.

La kwanza maji. Walimu hatunywi maji na sababu tunaijua, huwezi kuacha darasa la watoto wadogo uende chooni, basi mtu anajizuia kunywa mpaka saa sita. Matokeo yake kichwa kinauma, mwili umelegea, na ukilegea unatafuta kitu cha kukuamsha haraka, na kinachoamsha haraka ni sukari. Pangeni na mwalimu wa darasa la jirani akuangalizie watoto dakika mbili katikati ya asubuhi, wewe pia umfanyie hivyo, alafu unywe maji yako kwa amani.

La pili, na hili kwa walimu naliona sana, ni pipi za koo. Sauti inakauka kipindi cha tatu, mtu anatia pipi mdomoni, ikiisha anatia nyingine, mpaka kengele ya mwisho mdomo haujapumzika. Nyingi ya hizo ni sukari. Na kwa meno tatizo kubwa ni mara ngapi sukari inaingia mdomoni, kuliko hata wingi wake, kwa sababu kila inapoingia bakteria wanaigeuza asidi na mate yanahitaji nusu saa au zaidi kuituliza, sasa ukinyonya kidogo kidogo kutwa nzima mate hayapati nafasi ya kufanya kazi yake. Bora ule kipande cha keki mara moja pamoja na chakula ukamaliza. Koo lipe maji, na punguza kupiga kelele, gonga meza au inua mkono watoto wazoee ishara.

Usingizi pia. Ukilala masaa machache homoni ya njaa inayoitwa ghrelini inapanda na ile ya shibe, leptini, inashuka. Mwalimu aliyesahihisha mpaka usiku wa manane kesho yake atakula kila kitamu kinachopita mbele yake na sio ulegevu wa tabia.

Alafu angalizo, kama kuna mwenzenu ana kisukari na anatumia insulini msije mkamsafishia droo kwa nia njema. Sukari yake ya damu ikishuka chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L) anahitaji kitu kitamu pale pale, chenye gramu 15 hivi za sukari, juisi au soda ya kawaida au glukosi, na ni vizuri mjue anaiweka wapi. Na mtu akiona kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara akapime, asisubiri.

dawati_la_nyuma
Kuhusu watoto na pipi za bethdei, hilo linamalizwa siku ya kwanza ya muhula. Mimi darasani kwangu mwenye bethdei anachagua hadithi nitakayosoma, anaongoza mstari siku nzima, na anakaa kiti changu kipindi kimoja. Niliwaambia wazazi mapema na wengi walishukuru kwa sababu kununua pipi za darasa zima ni mzigo. Siku akitokea mwenye pipi bado, naipokea, nashukuru, namwambia nitaila baada ya kazi, mtoto anaondoka kafurahi, wao wanataka UIPOKEE tu hiyo ya kusubiri umenye ni udadisi.

Na droo ya zawadi badilisha kilichomo, penseli, vibandiko vya nyota, vifutio. Mpaka leo sijasikia mwalimu aliyekula kifutio saa tisa alasiri.

mleta_keki
Nimesoma yote kimya kimya nikaona nijitokeze, mimi ndo yule anayeleta keki ofisini. Kila ofisi ina mtu kama mimi. Nikwambieni kwa nini naleta: nikiziacha nyumbani nitazila mwenyewe. Basi. Naona nimetua mzigo, kumbe nimewahamishia ninyi. Na hakuna aliyewahi kuniambia hapana, sinia linarudi jeupe, sasa mimi ningejuaje?

vumbi_la_chaki
Weee 😂😂 tunakula kwa heshima yako kumbe wewe unatuletea kwa kuzikimbia.
Basi naomba nikuulize kwa niaba ya yule wa kwetu, nikimwambia asiweke pale katikati aweke kwenye kabati iliyofunikwa, anayetaka akaifuate mwenyewe, atakasirika?

mleta_keki
Mwambie akiwa peke yake, sio mbele ya ofisi nzima. Na usianze na afya, mtu ukimwanzia na afya anaona unamhukumu. Mwambie meza imejaa madaftari, keki itachafuka, hapo hata mimi ningeiweka kabatini bila kuuliza. Ila wiki hiyo kula kipande kidogo aone, uanze kukataa polepole.

zamu_ya_jumatatu
Na ukishaihamisha, kaa upande wa pili wa ofisi wakati wa kusahihisha, au nenda darasani kabisa kama liko tupu. Ukiwa na kalamu nyekundu mkononi na keki iko umbali wa mkono, hakuna ushauri humu utakaofanya kazi.