Boswell Sisters: nota tumezipata, mbona haisikiki kama wao?

SautiTatu:
Wakuu, habari. Naomba msaada kwa wanaolijua kundi la Boswell Sisters, dada watatu waimbaji wa jazi wa New Orleans, Marekani. Tuko wanawake watatu, tumezoea kuimba kwaya kwa kusoma nota. Tumechukua "Everybody Loves My Baby", rekodi yao ya 1932. Nota zote ziko sawa, lakini tukiimba inatoka kama wimbo wa kanisani ulioharakishwa. Tunakosea wapi? Jingine: kundi hili liliachana 1936 tu. Imekuwaje litajwe kila wanapotajwa Andrews Sisters (kundi jingine la dada watatu) na Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi?

Kodi_ya_Saba:
Dada, kosa la kwanza ni ukubwa wa sauti. Mwanakwaya anasukuma sauti ifike mlangoni, hawa waliimbia maikrofoni. Sikiliza santuri yao ya kwanza, "Nights When I Am Lonely", waliyoirekodia kampuni ya santuri ya Victor pale New Orleans Machi 1925. Ilirekodiwa kwa pembe kubwa inayokusanya sauti, bila umeme wala maikrofoni, kwa hiyo ilibidi wapaze. Halafu weka yoyote ya 1931 ya kampuni ya Brunswick. Wanaimba kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani yake, na hapo ndipo ule ulaini ulipozaliwa.

Simameni nusu duara mbele ya maikrofoni moja, kama sentimita 30 kutoka mdomoni, anayeshika melodi asogee mbele kidogo. Ukisikia sauti yako kuliko za wenzako, umezidisha. Msitetemeshe sauti kwenye nota ndefu: sauti tatu zilizobanana zikitetema kila moja kwa kasi yake, kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) inachafuka. Shusheni na ufunguo. Mkipandisha ili ya juu ing'ae kama soprano ya kwaya, mmeshaipoteza rangi yao.

Kosa la pili ni mapigo. Mkigawa pigo moja kwa nota mbili zilizo sawa, mnaimba zaburi. Kwenye kasi ya wastani nota ya kwanza ichukue kama theluthi mbili, ya pili theluthi moja. Wimbo ukienda mbio tofauti hiyo inapungua yenyewe, msiilazimishe, mtasikika mnarukaruka.

Kosa la tatu wengi hawalitazami: konsonanti za mwisho. "S" ya watu watatu ikifika kwa nyakati tatu inavuruga mdundo kuliko nota iliyokosewa. Mpeni mtu mmoja aitamke, wawili wamalizie kwenye vokali.

Nani anawapigia vyombo? Kodi za saba zina nota nne na nyinyi mko watatu. Inayoachwa kwa kawaida ni ya tano, ukihesabu kutoka nota ya msingi, ile inayoipa kodi jina. Mkitaka kuongeza rangi, hata ya msingi mnaweza kuiacha, mradi kuna besi inayoishika. Mkiwa na gitaa peke yake, mpigaji aguse nyuzi nene kila pigo la kwanza na la tatu, la sivyo kodi zenu zitaelea na mtadhani mnaimba vibaya.

MzeeSanturi:
Kodi_ya_Saba amesema kweli, ila amegusa nusu. Ukali wa hawa dada haukuwa kwenye kupatanisha sauti, makundi ya kupatanisha sauti yalijaa Marekani. Wao walikuwa wapangaji. Martha alipiga piano, Connie selo, gitaa na saksafoni, Vet fidla na banjo. Wamelelewa na muziki wa kuandikwa wa Ulaya nyumbani, huku nje New Orleans nzima inapiga jazi, na Connie alimsikiliza sana Mamie Smith, mwimbaji mweusi wa bluzi. Kwa hiyo walipopewa wimbo waliufumua kama fundi anavyofumua gauni na kulishona upya. Ubeti unaanza polepole, kibwagizo kinakimbia, meja (ngazi ya nota yenye rangi ya furaha) inageuka maina (yenye rangi ya huzuni), ghafla maneno yanaachwa wanaimba kama tarumbeta, kisha wanarudi. Yote ndani ya dakika tatu hivi, maana upande wa santuri ya inchi 10 haubebi zaidi.

Linganisheni "Heebie Jeebies" ya kampuni ya OKeh ya 1930 na ile ya Brunswick ya 1931. Wimbo ule ule, waimbaji wale wale: isikilizeni kwanza kila rekodi peke yake, kisha mzilinganishe.

Mabadiliko ya kasi ndiyo yanayovunja makundi mengi. Msiyafanye kwa kukisia. Anzeni na yanayogawanyika: pigo jipya liwe nusu ya la zamani au mara mbili yake. Mmoja apige mguu kwenye mapigo mawili ya mwisho kabla ya kona, yaani pale kasi inapobadilika, wengine wamtazame yeye, si karatasi. Mkishaizoea, ondoeni mguu.

Kuna pia ile lugha yao ya kupachika silabi ndani ya maneno. Watu wa pwani mtaikumbuka kinyume ya watoto, ila kinyume hugeuza silabi, wao waliziongeza. Isemeni kwanza bila kuimba mpaka ulimi uzoee.

Na tusiwasahau wapigaji: ndugu Tommy na Jimmy Dorsey, Bunny Berigan kwenye tarumbeta, Eddie Lang kwenye gitaa. Hawa hawakuwa wasindikizaji wa nyuma. Sauti na vyombo vinajibizana, na ukiimba bila nafasi ya majibu yale, mpangilio unabaki na mashimo.

Rekodi78:
Kuhusu urithi. Novemba 1934 Ella Fitzgerald, akiwa na miaka 17, alishinda shindano la waimbaji wapya ukumbi wa Apollo, New York, na mwenyewe alisema alikuwa akimwiga Connie Boswell. Andrews Sisters nao walianza kwa kuwaiga hawa dada. Walichochukua ni kubanana kwa sauti na mdundo. Zile kona za kasi na meja-maina waliziacha, na nadhani ndiyo sababu nyimbo zao zilikuwa rahisi kuchezeka.

Hata Boswell wenyewe walibanwa. Jack Kapp, mtayarishaji wao, alitaka msikilizaji aitambue melodi mara moja. "The Object of My Affection", iliyovuma sana mapema 1935, imenyooka kuliko kazi za 1931 na 1932. Ni nzuri, lakini kwa kujifunza mpangilio rudini nyuma.

Angalizo: "Rock and Roll" yao ya 1934 ni ya filamu na inahusu kuyumba kwa mawimbi. Wanaoitaja kama mwanzo wa rock ya miaka ya 1950 wanachanganya jina na muziki.

Rekodi za mwisho za pamoja ni za Februari 1936, kwa kampuni ya Decca. Wote watatu walikuwa wameolewa au wanaelekea kuolewa, na Connie akaendelea peke yake, baadaye akiandika jina lake Connee.

SautiTatu:
Asanteni sana wakuu. Nani kati yetu aimbe juu? Kwenye rekodi siwezi kuwatofautisha.

MzeeSanturi:
Huwezi kwa sababu sauti zao zinafanana na wanapishana njiani. Aliye juu mstari huu anaweza kuwa katikati mstari unaofuata. Chukueni karatasi moja na kalamu za rangi tatu, kila mtu na rangi yake, mfuatishe njia ya sauti yake hata inapovuka za wenzake. Rekodi ichezeni kwa kasi ya nusu, mistari minne kwa siku. Mkifika mahali rangi mbili zinakutana nota moja, amueni hapo hapo nani anaiacha na kwenda wapi.