Nakimbia na chuma napiga, kitambi hakitoki

kibua_wa_wete
Asalam aleykum jamani, naombeni msaada. Mie kilo 78, kazi yangu kukaa dukani kutwa, jioni nakimbia kama kilomita 4 na mara tatu kwa wiki napiga chuma na mazoezi ya tumbo. Kula nakula kawaida tu, asubuhi chai na maandazi, mchana wali wa nazi na mchuzi, usiku chapati au mihogo ya nazi. Mizani haishuki na kitambi kiko pale pale, ila mikono imeanza kukaza. Sasa nnataka kujua, nitoe mafuta kwanza ndo nijenge misuli au vyote vinakwenda pamoja? Na ile poda ya protini ya kopo ina faida au nnatupa pesa?

mpembahalisi
Acha wali yakhe, wali na mkate vyote acha. Mie wiki ya kwanza tu kilo 2 zikatoka, hio ndo dawa hakuna nyengine.

bintikikwajuni
@mpembahalisi hizo kilo 2 nyingi yake maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini na kila gramu inashika kama gramu 3 za maji, ukiacha wanga yanatoka ukirudi kwenye sahani yanarudi.

Kibua, kukimbia mtu anachoma kama kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, kwahivyo wewe jioni yako yote ni kama kalori 300. Sasa njoo jikoni. Gramu ya mafuta kalori 9, wanga na protini 4 tu, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kinakaribia 120, na andazi limezama karaini, chapati imepakwa juu na chini, tui ndo usiseme. Wali wenyewe hauna kosa. Sikwambii uache nazi, Mpemba utaachaje nazi lol, lakini wali upikwe mweupe nazi ibaki kwenye mchuzi, tena tui la pili, na sukari ya chai upunguze. Ukila pungufu kama kalori 500 kwa siku utashuka takriban nusu kilo kwa wiki, pole pole hivyo hivyo.

chuma_mchangani
Swali lake hamjamjibu. Vyote vinakwenda pamoja, hasa kwa anaeanza na mafuta anayo, ndo maana mizani imekaa tu na mikono inakaza. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani.

Protini tafuta kama gramu 1.6 kwa kila kilo yako, yaani kwako 125 kwa siku, na kwa chakula ulichotaja sidhani kama unafika nusu, chai na maandazi protini iko wapi? Yai moja gramu 6, nyama ya samaki gramu 100 inakupa 20 na zaidi, maharage yaliyoiva kikombe kama 15. Uko Wete bwana, vibua na jodari wako mlangoni, poda ya nini? Sio mbaya, ni chakula tu kama maziwa, ila ghali.

Na mazoezi ya tumbo yanakaza misuli ya chini, mafuta ya juu yake mwili unayatoa unakotaka wenyewe. Piga skwati, vuta, sukuma, na uzito uongeze kidogo kidogo, wapo watu jimu wana vyuma vile vile toka mwaka juzi wanajipiga picha tu.

kibua_wa_wete
Shukran sana wallahi. Wali mweupe sijui mama watoto kama atanielewa. Na Jumatatu na Alkhamis nafunga, chuma nipige saa ngapi?

chuma_mchangani
Kama saa moja kabla ya magharibi, ukimaliza unafuturu, au baada ya isha ukiwa ushakula na kunywa maji. Ila futari iwe na samaki, sio mihogo ya nazi juu ya tambi za sukari.

mpembahalisi
Kwahivyo wali nile?

bintikikwajuni
Kula, sahani moja.