Neno "elimu" kwenye maboksi ya vifaa vya watoto limekuwa chambo cha kuwanasa wazazi

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kwa mara ya tatu katika muda usiofika mwaka mmoja nimenunua kifaa cha kuchezea ambacho boksi lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni cha elimu, kwamba kinakuza akili na kwamba kinamfundisha mtoto herufi, namba, rangi na maumbo. Kwa mara ya tatu nimekuta ndani yake kipande cha plastiki chenye vitufe na taa ambacho kazi yake kubwa ni kupiga kelele.

Hiki cha mwisho kina umbo la kompyuta ndogo. Mwuzaji alinihakikishia kwa maneno haya: "Mama, chukua hiki, huyu atafika darasa la kwanza akiwa tayari anajua kusoma." Binti yangu ana miaka mitatu. Akibonyeza kitufe chenye picha ya ng'ombe, sauti hutaja herufi kwa matamshi ambayo hakuna mtu nyumbani kwetu anayeyatumia, ng'ombe hulia, kisha wimbo hupigwa mpaka mwisho bila njia ya kuukatisha. Siku ya kwanza alifurahi sana. Siku ya pili aligundua kwamba akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja wimbo huanza upya, na kuanzia hapo hicho ndicho alichokuwa akikifanya. Siku ya nne alikisukuma chini ya kiti na hajakiulizia tena. Nilipomwandikia kwenye karatasi herufi ileile aliyoisikia mara nyingi kiasi kile, hakuitambua, kwa sababu muda wote macho yake yalikuwa kwenye taa. Nilikirudisha dukani, na mwuzaji yuleyule akaniambia kuwa mtoto akikichoka kifaa, hilo haliwezi kuwa kosa la bidhaa. Nimeambiwa, kwa maneno mengine, kwamba mwenye kasoro ni mtoto wangu.

Jambo ninalolilalamikia ni hili: mtu yeyote anaruhusiwa kuandika neno "elimu" kwenye boksi na hakuna anayemwuliza ushahidi. Usalama wa vifaa hivi una sheria, hata kama hazifuatwi kila mahali. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2008 iliweka ukomo wa madini ya risasi kwenye bidhaa za watoto, na ukomo huo sasa ni sehemu 100 kwa kila sehemu milioni moja. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kifaa hakiruhusiwi sokoni bila alama ya CE, ambayo mtengenezaji huibandika mwenyewe akitangaza kuwa ametimiza masharti ya usalama. Wazazi wengi, nami nilikuwa mmoja wao, tukiona alama ya namna hiyo karibu na picha ya mtoto aliyevaa miwani na joho la mahafali, tunadhani kwamba kuna mtaalamu mahali fulani aliyekithibitisha kifaa hicho kuwa kinafundisha. Hayupo. Alama hizo huzungumzia sumu, vipande vidogo, moto na umeme. Kuhusu kujifunza hazisemi neno lolote.

Na hatuwezi kudai kuwa hatukuonywa. Mwaka 2009 kampuni ya Disney ilitangaza kuwarudishia fedha wazazi walionunua video za Baby Einstein, baada ya watetezi wa watoto kulalamika kwa miaka kadhaa kwamba video hizo ziliuzwa kana kwamba zinawaelimisha watoto wachanga. Wakati huo zilikuwa zimekwisha kuingia katika nyumba nyingi mno. Mbinu ya kuuza haijabadilika tangu hapo, ila sasa tunauziwa vitufe na skrini ndogo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vifaa hivi huondoa hata kile kilichokuwapo kabla havijaingia nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 2015 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha utafiti wa Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, ambaye alirekodi mazungumzo ya wazazi 26 na watoto wao wa umri wa miezi 10 hadi 16 wakicheza nyumbani kwa vifaa vya kielektroniki, kwa vifaa vya kawaida kama matofali ya kujengea na mafumbo ya mbao, na kwa vitabu vya picha. Palipokuwa na vifaa vya kielektroniki wazazi walitamka maneno machache zaidi, kupokezana maneno kati ya mzazi na mtoto kulipungua, na watoto wenyewe walitoa sauti chache kuliko walipokuwa na vitabu. Niliposoma habari hiyo nilijitambua mara moja. Kifaa kile kilipokuwa kikiimba, mimi nilikuwa nimekaa kimya pembeni, nikiamini kwamba kuna mwalimu aliyechukua nafasi yangu. Nilikuwa nimelipa ili ninyamazishwe mbele ya mwanangu.

Sasa nieleze kilichotokea baada ya kompyuta ile kutupwa chini ya kiti, maana hapo ndipo hasira yangu ilipopata sababu kamili. Asubuhi moja binti yangu alivuta vyombo vyote vya plastiki kutoka kwenye kabati la chini na kuvitawanya sakafuni, kisha akaanza kutafuta kifuniko cha kila chombo. Alichukua kifuniko kikubwa akakiweka juu ya kopo dogo, kikaanguka. Akakigeuza, kikaanguka tena. Akakiweka kando, akachukua kingine kikaingia nusu, akakibonyeza kwa kiganja, kikakataa. Akakitazama kwa muda mrefu, akatazama vilivyobaki, akachagua cha tatu, kikabana. Sikusikia wimbo wala sauti ya kumsifu, lakini nilimwona akitabasamu peke yake na kukifungua ili akifunge tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko jumla ya muda wote aliowahi kukaa na kile kifaa "cha elimu", na kesho yake akarudia, safari hii akihesabu kwa sauti, namba zake zikirukaruka.

Jambo hilo si geni kwa wanaofahamu malezi. Maria Montessori, daktari aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo jijini Roma mwezi Januari mwaka 1907, alitumia vibao vya mbao vyenye matundu 10 na vipande 10 vya mcheduara (umbo la kopo) vya ukubwa tofauti, ambavyo kila kimoja kina tundu lake. Mtoto akikosea, kipande cha mwisho hukosa pa kuingia, na kwa hiyo kosa hujionyesha lenyewe bila mtu mzima kufungua kinywa. Kabla yake, Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule ya chekechea nchini Ujerumani katika mwaka 1837, alikuwa akiwapa watoto mipira ya sufu na vipande vya mbao vya tufe, mcheduara na mchemraba. Maarifa haya yana umri wa karibu karne mbili na yanapatikana kwa kila mtengenezaji anayetaka kuyasoma. Kwa nini basi rafu zimejaa vifaa ambavyo vyenyewe ndivyo vinavyoimba, vinavyotembea, vinavyohesabu na vinavyojipigia makofi, huku mtoto akiachiwa kazi moja tu ya kubonyeza? Naamini ni kwa sababu kifaa chenye taa humvutia mzazi aliyesimama dukani kwa dakika mbili, wakati vipande vya mbao vinahitaji mzazi anayejua atakavyovitumia sebuleni.

Lipo pia suala la umri ulioandikwa kwenye boksi, ambalo wauzaji hulipotosha waziwazi. Ile alama ya uso wa mtoto wenye maandishi 0-3, uliozungushiwa duara jekundu na kukatwa kwa mstari, ni onyo kwamba kifaa hakimfai mtoto aliye chini ya miezi 36, hasa kwa sababu ya vipande vinavyoweza kumkaba. Haipimi akili ya mtu. Hata hivyo nimeambiwa dukani, na nina hakika wengi wenu mmeambiwa, "Mtoto wako ni mwerevu, huyu wa miaka miwili hiki anakiweza." Uwerevu haupanui koo. Wakaguzi hutumia kopo maalumu lenye kipenyo cha milimita 31.7, na kipande kinachoingia chote humo huhesabiwa kuwa kidogo mno kwa mtoto wa umri huo. Nyumbani hatuna kopo hilo, lakini lile bomba la katoni linalobaki karatasi ya chooni ikiisha ni pana kidogo kuliko kopo la wakaguzi, na kinachopita humo nakiondoa mbele ya mtoto bila majadiliano.

Kuhusu wanasesere na roboti zinazounganishwa na intaneti nitasema kwa ufupi, maana sijawahi kuwanunua na sitawanunua. Mwaka 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere aitwaye My Friend Cayla kwa kumhesabu kuwa kifaa cha siri cha kunasia mazungumzo. Huyo naye alikuwa akisifiwa kwa kujibu maswali ya watoto.

Nawajua watakaokuja hapa kuniambia kwamba ninyamaze nimnunulie mtoto vitu vingi zaidi ili achague mwenyewe. Nimelijaribu hilo, kwa sababu shangazi na wajomba zake hawaji mikono mitupu, na matokeo yake yalikuwa mtoto anayegusa kila kitu kwa nusu dakika kisha analia kwamba hana cha kuchezea. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Toledo nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2018 uliwaweka watoto wadogo 36 katika chumba chenye vifaa 4 na kisha chenye vifaa 16, na walipokuwa na vinne tu walicheza na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kwa namna nyingi zaidi. Siku hizi vingi nimevifungia juu ya kabati na kuvibadilisha kila baada ya wiki mbili. Mkoba wa matofali ya mbao ulioonekana kuwa umechokwa ulipokelewa kama mgeni.

Na wale watakaosema kwamba kosa ni la mzazi asiyekagua, nakubali sehemu yangu. Ila naomba waniambie ni kwa namna gani mzazi akague kitu kilichofungwa ndani ya boksi la rangi lisiloruhusiwa kufunguliwa kabla ya kulipa. Nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba mfuniko wa betri wa kompyuta ile hauna skrubu hata moja na hufunguka kwa ukucha. Ndani yake mlikuwa na betri tatu bapa za duara, zile zinazong'aa kama sarafu. Niliketi chini kwa hofu. Betri ya aina hiyo ikimezwa na kukwama kwenye umio, yaani njia ya chakula kooni, unyevu wa mwili hukamilisha mzunguko wa umeme, alkali kali hutengenezwa mahali ilipogusa, na nyama huanza kuungua; madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Hata betri iliyokwisha nguvu kiasi cha kushindwa kuwasha kifaa inaweza bado kuunguza. Vivyo hivyo sumaku ndogo zenye nguvu: mtoto akimeza mbili, huvutana zikiwa katika sehemu mbili za utumbo na kuutoboa katikati. Mwenye kiwanda anajua haya. Skrubu moja ndogo ingetosha, na ameona hata hiyo ni gharama, ilhali fedha ya kuchapa neno "elimu" mara tano kwenye boksi moja ameipata.

Ninachokidai hakihitaji miujiza. Anayeandika kwamba kifaa kinafundisha kusoma aeleze kwenye boksi hilohilo ni nani waliokijaribu na mtoto alijifunza nini, na akishindwa, alifute neno hilo. Kila duka liwe na kifaa kimoja kilicho wazi cha kila aina, ili mzazi akishike, asikie sauti yake na auone mfuniko wake wa betri kabla ya kulipa. Mamlaka zinazosimamia viwango zisiruhusu hata siku moja kifaa cha mtoto chenye betri bapa kisichofungwa kwa skrubu. Mimi nimeandika barua kwa mtengenezaji na kwa mamlaka husika, nimeambatisha picha za mfuniko huo na nakala ya risiti, na majibu yakija nitayaweka hapa kama yalivyo.

Kwa sasa nawaomba jambo moja. Kabla hamjaanza kubishana nami, chukueni kila kifaa kinachowaka au kuimba kilichomo nyumbani, kigeuzeni, na mjaribu kuufungua mfuniko wa betri kwa kidole. Ukifunguka, kitoeni mbele ya mtoto leo hii, kisha mtuwekee picha yake hapa chini.