Kisima cha gesi: nichimbe na hewa, povu ama azoti (nitrojeni)? Profu amenibana

Himbi_geo (Goma)
Salu bakubwa. Niko naandika TFE (kazi ya kumaliza masomo) juu ya kuchimba kisima cha gesi bila tope, yale maji mazito ya udongo banazungusha kisimani kutoa mawe, unatumia hewa kavu ama povu ili presha mu kisima ibakie chini ya presha ya gesi yenyewe. Mfano wangu ni kisima cha metre 1500, gesi iko na bar 100 tu. Ukijaza maji, yale maji peke yake yanakandamiza karibu bar 150, yanaingia mu mwamba na kuziba vitundu gesi ilikuwa inapitia. Mpaka hapo sawa. Sasa profu akauliza "unashusha hewa mahali kuko gesi, haitawaka?" nikanyamaza kama jiwe. Wazo nililitoa kwa yaya wangu (mkubwa wangu wa kuzaliwa), anachimbaka visima vya maji, nilimuona tope yote inapotelea mu nyufa za lava, bidoni juu ya bidoni, hakuna kinachorudi, alipoleta kompresa na povu ndo mawe yakaanza kupanda. Nikasema na ku gesi ni vile vile. Difansi, siku ya kuitetea hiyo kazi, ni wiki ijayo, munisaidie.

Kadutu_boy
Kwani shida iko wapi, si gesi ya Kivu banaitoa kila siku upande wa Rwanda, uliza kule banachimba na nini 😂

Mzee_Kompresa
Wewe wa Kadutu, ile ya ziwa haichimbwi. Banashusha bomba mu maji ya chini, karibu metre 350, maji yakianza kupanda gesi inajitenga yenyewe na inayavuta juu, kama chupa ya bia Primus umefungua haraka. Hakuna mwamba pale, usimpoteze mtoto.

Himbi, profu wako ana haki. Metani ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 inawaka, na presha ikipanda ule mpaka wa juu unapanuka tena, kwa hiyo chini kisimani ni hatari kuliko hapa juu. Na mara nyingi moto unaanzia ku maji kidogo: unyevu unaingia, vumbi linageuka udongo wa kukandika, linashika pembeni ya bomba kama pete, njia inaziba, hewa inakandamizwa na kupata moto, gesi iko palepale. Alama yake ukiwa ku mashini: vumbi linaacha kutoka ku bomba la kutupia na sindano ya presha inapanda. Ukiona hivyo usiendelee kuchimba hata boss anapiga kelele.

Himbi_geo (Goma)
Aksanti sana mzee. Povu basi si inamaliza hiyo shida?

Mama_Foraji
Nusu tu, mwanangu. Povu inabeba maji na mawe vizuri, haiombi upepo mkali, hewa kavu inataka kama metre 15 kwa segonde pembeni ya bomba, povu chini kabisa ya hapo. Kompresa inapumzika, na mafuta pia. Sisi tulikuwa tunaichota na mkono inapotoka, ikisimama kama povu ya kunyolea ndevu ni nzuri, ikichuruzika vidoleni ujue maji ni mengi. Lakini kama umeitengeneza na hewa, oksijeni iko ndani bado: ikivunjika huku juu karibu na moto utalia, na mabomba yanaliwa na kutu haraka sana. Ku gesi tengeneza povu na azoti. Mashini za kuichuja kutoka ku hewa huacha oksijeni kama asilimia 5, metani haiwaki hapo. Bei ndo inaumiza.

Mzee_Kompresa
Na usisahau, yaya yako mdomo wa kisima uko wazi, wewe huwezi. Gesi inatoka wakati unachimba, si ndo ulitaka? Basi weka ku mdomo kifungio chenye kuzunguka na bomba, valvu za kuzuia gesi isirudi ndani ya mabomba, na bomba refu la kuipeleka kuchomwa mbali. Udongo laini nao, bila uzito wa tope kuta zinabomoka, kwa hiyo funika ile sehemu na bomba la chuma kabla ya kuingia ku gesi.

Himbi_geo (Goma)
Nimefuta sura ya 3 yote 😅 Juu: hewa kavu ku mwamba mgumu wenye hauna maji wala gesi. Maji yakitokea, povu. Metre 200 za mwisho, povu ya azoti. Kompresa ngapi ndo sijui, mzee nakuja inboksi na hesabu.

Mzee_Kompresa
Kuja. Na leta kipenyo cha kisima, usije mikono mitupu.