Pointi za hoteli: wanakuuzia kwa dola leo, kesho wanapandisha bei ya chumba. Hii sio akiba, ni kuibiwa mchana kweupe

Wakuu mwadila.

Nina hasira mpaka mikono inatetemeka, naandika nikiwa dukani hapa Makoroboi, Mwanza, wateja wanauliza bei ya masufuria mimi hata siwasikii, kwa hiyo mtanivumilia. Hoja yangu ni hizi pointi za mahoteli makubwa ya nje, zile ambazo siku hizi kila ukifungua simu kuna mtu anakwambia nunua pointi ulale Dubai kwa nusu bei. Jina la hao jamaa silitaji, ni mtandao mkubwa tu wa mahoteli, nyie jueni hivyo.

Kwa asiyejua mchezo unavyochezwa, pointi ni alama zinazokaa kwenye akaunti yako ya uanachama wa hoteli, unalipia chumba kwa hizo badala ya hela. Pointi kwa mitandao kadhaa mikubwa inauzwa kama senti moja ya dola kwa bei ya kawaida, yaani pointi 10,000 kwa dola 100. Kwa bei hiyo hakuna mwenye akili timamu atanunua. Sasa mara kwa mara wanaleta ofa, "bonasi hadi asilimia 100", ukinunua 10,000 unaongezewa zingine 10,000, pointi inakuwa nusu senti. Hapo ndo hesabu inaanza kuvutia kama hoteli unayoitaka inauzwa kwa pointi chache na cash yake iko juu. Lakini hiyo "hadi" haipo pale kwa bahati mbaya bana, ofa inategemea akaunti. Jamaa yangu wa Igoma tunasafiri wote kufuata mzigo, yeye kapewa 100, mimi 80. Kwanini? Hakuna anayejibu.

Haya twende kwenye hesabu yangu. Nilikuwa naenda Deira, Dubai, kufuata vyombo, safari hii na shemeji yenu kwa hiyo sikutaka kulala kwenye vile vyumba vyetu vya kubanana vya siku zote. Hoteli ya nyota nne, cash dola 130 kwa usiku, ukiweka sevisi chaji asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7 na VAT asilimia 5 inakaribia dola 160. Siku tano ni dola 800. Kwa pointi chumba hichohicho kilikuwa 18,000 kwa usiku na kodi hizo hamna, siku tano 90,000. Nikanunua 50,000 kwa dola 500, bonasi ya asilimia 80 ikanipa 40,000, jumla 90,000 kamili haikosekani hata moja. Naokoa dola 300, hiyo ni laki saba na ushee za kibongo, nani angekataa?

Meseji ya benki ikaingia palepale, hela imekatwa na makato yao ya kubadilisha fedha juu yake. Pointi sasa. Pointi hazikuja. Imeili inasema muamala wako unashughulikiwa, pointi zitaingia baada ya muda, inaweza kuchukua hadi siku tatu. Siku tatu! Mimi nikituma hela kwa simu kwenda Ukerewe inafika kabla sijarudisha simu mfukoni, hawa wenye minara ya vioo wanahitaji siku tatu kuandika namba kwenye akaunti. Na kumbe hata hulipi hoteli, malipo yanaenda kwa kampuni ya kati inayouza pointi kwa niaba yao, ukiuliza huku wanakurusha kule, ukiuliza kule wanakurudisha huku.

Muda wote huo nafungua apu naangalia, chumba kipo, 18,000. Asubuhi kipo, jioni kipo. Usiku mmoja pointi zikaingia, nikafungua fasta nibuku, nakuta 25,000.

Nikafikiri macho. Nikatoka kwenye apu nikaingia tena. 25,000. Nikaangalia bei ya cash, dola 130 ileile, haijasogea hata senti! Skrinshoti ninazo zote, ya kabla na ya baada.

Nikawavaa kasitoma kea kwenye chati. Ananiita mwanachama wetu mthaminiwa, ananiambia bei za pointi hubadilika kulingana na uhitaji. Nikamwambia dada, uhitaji gani huo unaopandisha pointi peke yake na cash inabaki palepale? Kimya, af anabandika yaleyale maneno tena kama yalivyo. Nikasema basi nirudishieni dola zangu pointi chukueni, hata sijazigusa. Jibu: manunuzi ya pointi hayarudishwi. Nikasema basi nipeni bei ya siku niliyolipa. Hawezi. Nikaomba niongee na bosi wake, chati ikafungwa, wakanitumia fomu ya kuwapa nyota niseme nimeridhika kiasi gani na huduma.

Sasa ona ilivyoishia. Pointi 90,000 zimetosha siku tatu tu, 75,000. Siku mbili nimelipa cash dola 320. Jumlisha na zile 500 unapata 820. Bila hii "akiba" ningelipa 800! Nimeongeza dola 20 ili nipate punguzo wakuu, bado makato ya benki sijayaweka. Pointi 15,000 zimebaki zinaelea kule hazilipi hata usiku mmoja wa hoteli ile, na nikiangalia ramani ya apu yao Mwanza nzima haina hata nukta moja, kwa hiyo siwezi hata kumpeleka mama watoto wikiendi. Nizipeleke Mwaloni nikanunulie dagaa? Na nikizitelekeza bila kufanya chochote zitakufa, karibu mitandao yote ina muda wake, IHG (wenye Holiday Inn) kwa mwanachama wa kawaida ni miezi 12, Hilton na Marriott miezi 24.

Hebu fikiria umenunua umeme wa LUKU, yuniti zimeshaingia kwenye mita, hela imeshaondoka, af unaambiwa kuanzia leo yuniti yako inawasha taa dakika ishirini badala ya saa. Nchi nzima ingewaka moto hapa.

Na hili sio la hao wangu peke yao. Zamani walikuwa na jedwali limechapishwa, hoteli ya daraja fulani pointi kadhaa, ukijua umejua. Hilton wakaondoa jedwali lao 2017, Marriott wakafuata Machi 2022, IHG nao bei inapanda na kushuka. Katika hao wakubwa Hyatt ndo wamebaki na jedwali la maana, nao wanahamisha hoteli kutoka daraja hili kwenda lile wanavyojisikia. Kwa hiyo anayekuuzia pointi ndo huyohuyo anayepanga zitanunua nini, na anapanga akiwa ameshakula hela yako.

Kinachoniuma zaidi ni hawa walimu wa mtandaoni. Wengi wanatafsiri tu mambo ya Wamarekani. Mmarekani pointi hanunui sana, anapewa na kadi ya mkopo, akifungua kadi tu anamwagiwa pointi za kulala wiki. IHG wana usiku wa nne bure ukilipa kwa pointi, lakini ni kwa wenye kadi yao ya huko. Hilton wanatoa usiku wa tano bure, lakini mpaka uwe na daraja la uanachama la Silver kwenda juu. Mimi na kadi yangu ya benki ya hapa Nyamagana napata nini? Napata makato. Kuna kijana ana grupu la Telegram, kiingilio elfu ishirini, kila ofa ikitoka anarusha linki na kelele nyingi, kumbe linki nyingine zina kamisheni. Nilipomwandikia yaliyonikuta akasema "bro soko ndo lilivyo", kisha akanitoa kwenye grupu.

Najua wajuaji mtakuja na ile ya "ungehakikisha chumba kipo kwanza". Nilihakikisha! Kilikuwepo kabla sijalipa na kilikuwepo nilivyolipa. Kwao bila pointi kwenye akaunti huwezi kukishikilia, na pointi wanakuletea wao kwa wakati wao. Niambie hapo mimi nilitakiwa nifanye nini.

Huku kwetu tangu Machi 2025 hata mwenye gesti akikuandikia bei kwa dola anavunja kanuni, lakini hawa wanachomoa dola kwenye kadi zetu kila siku na hakuna wa kumuuliza. FCC, hii Tume ya Ushindani, si ndo wa kumlinda mlaji? Au muuzaji akiwa nje inakuwa imekula kwetu?

Mimi nimeshajaza fomu ya kupinga muamala benki, dada wa kaunta ananiangalia tu, anasema hajawahi kuona mtu analalamikia pointi. Kama kuna mdau aliwahi kurudishiwa hela kwa njia hiyo anielekeze uliandika nini kwenye ile sehemu ya sababu, na ilichukua muda gani, maana wanasema malipo yalifanyika kihalali na mzigo ulifika. Mwenye pointi za hao jamaa akitaka kununua hizi 15,000 zangu tuongee pia, ingawa nasikia hata kuuziana wanakataza.

Na wewe kijana wa Telegram najua unapita humu, ile elfu ishirini yangu naitaka, namba yangu unayo.