Naombeni ushauri: nichambueje makala ya kisiasa yenye upande wakati mwenyewe nina upande?

BintiUsukuma

Wakuu, habari za jioni.

Nasoma uandishi wa habari, mwaka wa pili. Kwenye somo la balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno, tumepewa kazi: kila mmoja achague makala ya maoni ambayo upande wake wa kisiasa uko wazi, aichambue kwa kurasa nne. Mwalimu amesema hataki kujua kama tunakubaliana na mwandishi. Anataka tuonyeshe makala inamvutaje msomaji.

Nimechagua makala ya mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipokuwa likikaa Dodoma. Mwandishi anatetea serikali mbili (ya Muungano na ya Zanzibar) na kuipiga Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya wananchi na kupendekeza serikali tatu (ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika). Ni safu moja tu ya gazeti. Anaanza na Mwalimu Nyerere, anaingia kwenye gharama, anauliza maswali matano mfululizo bila kujibu hata moja, anasema zaidi ya asilimia 86 ya wananchi hawana shida na muundo uliopo, halafu anafunga kwa kuonya kuwa Muungano ukivunjika damu itamwagika.

Tatizo ni kwamba mimi naamini serikali tatu. Kila nikikaa kuandika, nusu ukurasa haijaisha nimeshaanza kubishana naye. Naomba mnielekeze: nianzie wapi? Na zile takwimu, nizihakiki au niishie kwenye lugha? Kazi inakusanywa Ijumaa.

MhaririMstaafu

Binti yangu, hongera kwa kuchagua makala ngumu. Nimekaa chumba cha habari muda mrefu na makala za aina hiyo nimezipokea kutoka pande zote.

Kabla ya kugusa neno hata moja, jiulize iliandikiwa nani. Safu katika gazeti lenye mrengo wa chama haimtafuti mpinzani, maana mpinzani halinunui. Inamtafuta mwenzao aliyeanza kuyumba. Machi 2014 watu wa namna hiyo walikuwa wengi. Tarehe 18 Jaji Warioba aliwasilisha rasimu bungeni. Tarehe 21 Rais Kikwete akalihutubia Bunge lile lile na kueleza kwa kirefu wasiwasi wake juu ya serikali tatu. Mwana-CCM wa kawaida akajikuta ndani ya wiki moja amesikia wakubwa wawili wa chama chake wakisema mambo mawili: Warioba aliwahi kuwa Waziri Mkuu, Kikwete ndiye aliyekuwa Mwenyekiti.

Ukishaliona hilo, utaelewa kwa nini Nyerere yuko aya ya kwanza. Kumkebehi Warioba mbele ya wasomaji wanaomheshimu ni hatari, kwa hiyo mwandishi anamleta mtu ambaye Warioba mwenyewe asingethubutu kumpinga hadharani. Na hakumbambikia Mwalimu maneno. Mwaka 1993 wabunge 55, wale tuliowaita G55, walidai Serikali ya Tanganyika, na Mwalimu aliwapinga kwa nguvu zote, hadi akaandika kitabu kuhusu jambo hilo mwaka uliofuata. Hapo usimtuhumu mwandishi kwa uongo, kwa sababu hajasema uongo.

Angalia alichokiruka. Kati ya 1993 na 2014 Zanzibar ilibadilisha Katiba yake, mwaka 2010, ikajitamka kuwa nchi, na Warioba aliyataja mabadiliko hayo akieleza kwa nini Tume ilifika ilikofika. Je, makala inayataja? Kama haiyataji, basi inamtaka msomaji aone kwamba hali aliyoizungumzia Mwalimu ndiyo hii hii, hakuna kilichosogea. Hilo ndilo la kuandika. Utaona halikulazimishi kusema unaamini serikali ngapi.

Hesabu_za_Mtaani

Dada, kwenye takwimu usirudi nyuma. Namba ndani ya makala ya maoni imewekwa pale kushawishi, hivyo ni sehemu halali ya kazi yako.

Hiyo 86 inatoka hapa. Waliotoa maoni mbele ya Tume walikuwa 351,664. Waliogusa muundo wa Muungano walikuwa 47,820, yaani asilimia 13.6. Toa kwenye mia, unabaki na 86.4. Rais aliitumia hesabu hiyo kwenye hotuba yake na waandishi wengi wakaichukua.

Sasa chukua hesabu ya Tume. Wao walihesabu ndani ya wale waliozungumzia muundo tu. Kwa Tanzania Bara wakapata asilimia 61 wanataka serikali tatu, 24 mbili, 13 moja.

Kikokotoo hakimkatai yeyote kati yao. Tofauti iko kwa yule aliyekwenda mkutanoni kuzungumzia ardhi au kituo cha afya, akashusha kipaza sauti bila kuutaja Muungano. Makala yako imemweka kwenye kapu la walioridhika. Mwandishi hakuandika popote kwamba ukimya ni ridhaa, na angeiandika wazi wasomaji wengi wangeshtuka. Ameipitisha ndani ya asilimia. Mtu yule yule hakutaja mahakama wala polisi, je, naye tumhesabu ameridhika navyo?

Ila upande wako nao usiupe nafuu. Ukisoma makala ya serikali tatu iliyosema asilimia 61 ya Watanzania wanataka hivi, ujue nayo imenyoosha kitu. Ni asilimia 61 ya waliozungumzia suala hilo, tena wa Bara.

Mzawa_wa_Ngambo

Asalaam aleikum. Na mimi wa Unguja nichangie, kwa kuwa katika mjadala huu sisi huwa tunatajwa sana na kusikilizwa kidogo.

Bibie, itazame vizuri hiyo "sisi" ya makala. Mwandishi anaposema sisi tuliozoea amani, sisi tutakaolipa gharama, anamkusudia nani? Zanzibar, kati ya waliozungumzia muundo, asilimia 60 hivi walitaka Muungano wa mkataba, yaani nchi mbili zenye mamlaka kamili zinazoshirikiana kwa makubaliano, na kama 34 wakataka serikali mbili. Mkataba si serikali mbili na si serikali tatu. Namba hii haimfai mtetezi wa mbili, na haimfai mtetezi wa tatu. Ndiyo maana makala za mwaka ule, za huku na za huko, zikawa zinaipita kimya. Mimi nilikuwa nazisoma zote na iliniuma, kwani waliosema hivyo ni majirani zangu na jamaa zangu.

Kama una nafasi ya aya moja, iandikie hiyo. Kinachoachwa nje na mahasimu wote wawili kinakuonyesha mpaka wa mjadala waliokubaliana bila kuambiana.

Kada_Mkereketwa

Nimewasoma wote na nina neno. Mimi nilikuwa upande wa serikali mbili na bado nipo. Hofu ya Muungano kuvunjika ilikuwa hofu ya kweli, hatukuitunga tupate kura. Rasimu ilishusha mambo ya Muungano hadi saba. Mtu kuuliza serikali yenye mambo saba italipaje jeshi si hila, ni swali la mwananchi anayeipenda nchi yake.

Na kama ni lugha ya kutisha, mdogo wangu, tuwe waadilifu. Tarehe 16 Aprili 2014 UKAWA, umoja wa wapinzani waliotetea Rasimu, walipotoka bungeni, Profesa Lipumba, mmoja wa viongozi wao, aliwafananisha waliobaki na Intarahamwe, wanamgambo wa mauaji ya kimbari. Neno hilo limebeba maiti za Rwanda. Hata jina lenyewe, Umoja wa Katiba ya Wananchi, linamfanya asiyekuwemo aonekane yuko kinyume na wananchi. Huku kwetu kulikuwa na kundi la Tanzania Kwanza, nalo linafanya kazi ile ile. Usimweke mwandishi wa serikali mbili peke yake kizimbani.

BintiUsukuma

Asanteni sana wakubwa zangu. Kaka Kada, nimekuelewa, na nimefurahi umeongea. Nimejaribu aya ya yale maswali matano, naomba mnikosoe:

"Maswali yamepangwa kwa ngazi. La kwanza linahusu fedha, la pili mishahara ya watumishi, la tatu jeshi, la nne mipaka, la tano watoto wetu. Msomaji anayekubali kwamba la kwanza halina jibu anajikuta amepanda hadi la tano bila kuombwa ushahidi. Lakini la kwanza lina jibu ndani ya Rasimu yenyewe: ushuru wa bidhaa, maduhuli yasiyo ya kodi na michango ya nchi washirika. Mwandishi angeweza kulishambulia jibu hilo. Amechagua kuuliza kana kwamba halipo."

Je, hapo nimebishana au nimechambua?

Hesabu_za_Mtaani

Umechambua. Hujasema ushuru wa bidhaa ungetosha au usingetosha. Rais alisema hautatosha, na huo ni mjadala mwingine. Umeonyesha tu kwamba swali limefunga mlango uliokuwa wazi.

Kada_Mkereketwa

Nimeisoma mara mbili nikitafuta pa kuipinga. Mimi ningeongeza kwamba wasiwasi wa jeshi ulikuwa na msingi, lakini najua huko si kuchambua makala. Aya iko sawa.

BintiUsukuma

Swali la mwisho. Niweke na makala ya upande wa pili kwa ulinganisho, au nitaharibu?

MhaririMstaafu

Kurasa nne hazibebi makala mbili. Itafute moja ya serikali tatu, uisome kwa maswali yale yale unayoiuliza hii, halafu usiitaje kwenye kazi. Ukigundua kuna kosa umelisamehe kule na kulikamia huku, rudi ulifute au ulipunguze makali. Hiyo ndiyo dawa ya huko kubishana unakolalamikia, nami ndivyo nilivyowafundisha vijana wangu wote.

Kuhusu mpangilio, anza na aya ya maswali, ndiyo imara kuliko zote. Ifuatie ya Nyerere, kisha takwimu, na hapo hapo ichomeke namba ya Zanzibar aliyoileta ndugu yetu wa Ng'ambo. Onyo la damu liweke mwisho, na usilikemee. Nakili sentensi inayolitangulia na inayolifuata, halafu mwonyeshe mwalimu wako kama kuna popote mwandishi alipoeleza ni kwa njia gani serikali ya tatu inafika kwenye umwagaji damu. Kama ameeleza, mpe haki yake. Kama hakueleza, andika kwamba hakueleza, uweke nukta.