Tupeane uzoefu: kanisa la parokia linawabebea nini Wakatoliki wake?

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu. Kazi nyingi za kanisa la parokia hazionekani Jumapili. Mnaohudumu ofisini, sakristia (chumba cha vyombo na mavazi ya Misa), kwenye katekesi (mafundisho ya dini) na fedha, mwageni mnayoyajua. Shuhuda tuziweke kando, hapa tunataka mambo yanavyokwenda.

Karani wa parokia
Milele amina. Ukiniuliza mimi, moyo wa parokia baada ya altare ni daftari la ubatizo. Kanuni 535 ya Sheria za Kanisa inadai daftari hilo, la ndoa na la marehemu. Mstari mmoja wa ubatizo unabeba jina la mbatizwa, aliyebatiza, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama walikuwapo, mahali na tarehe ya ubatizo, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Kisha inakuja safu ya pembeni: kipaimara, ndoa, daraja takatifu (ushemasi au upadre), nadhiri za daima za watawa. Ukifunga ndoa kwingine, paroko (padre msimamizi wa parokia) wa huko anapaswa kutuma taarifa ulikobatizwa. Unaweza kuhama utakavyo, habari zako za sakramenti zinakusanyika mahali pamoja.

Ndiyo maana wachumba wakileta cheti kilichokaa kabatini tangu utotoni tunawarudisha, nao wananuna. Kinatakiwa kipya, kwa kawaida kisichozidi miezi 6, kwa sababu cha zamani hakionyeshi kilichoandikwa pembeni baadaye. Ukiomba cheti, taja jina kama lilivyoandikwa siku ile (si ulilobadilisha shuleni), majina ya wazazi na walau mwaka. Bila mwaka tunafunua ukurasa mmoja mmoja.

Swali
Na daftari likiwa limeungua?

Karani wa parokia
Kama hakuna anayedhurika, tamko la shahidi mmoja asiye na shaka linatosha. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima anaweza kuapa mwenyewe. Kwa hiyo mtafuteni msimamizi angali hai, picha za sherehe ziwe nyongeza tu.

Katekista
Niongezee kuhusu wasimamizi, maana hapo ndipo ugomvi wa familia unapoanzia. Ni mmoja, au wawili: mwanamume na mwanamke. Awe Mkatoliki aliyepata kipaimara na Ekaristi, anayeishi imani yake, kwa kawaida ametimiza miaka 16, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Familia huja na wanne ili pasiwe na shangazi wa kununa. Wamalizane nyumbani kabla ya semina ya ubatizo, si mbele ya kisima cha ubatizo.

Msakristia
Huku kwetu adui ni unyevu. Tabernakulo, kisanduku kinachohifadhi Ekaristi, iwe imara, isiyohamishika, isiyoonyesha ndani, imefungwa kwa ufunguo, na taa iwake karibu yake wakati wote. Hostia, yaani mikate ya Ekaristi, zikikaa sana huota ukungu, kwa hiyo weka idadi inayotosha wagonjwa na waabuduo, uzibadilishe mara kwa mara. Divai ya zabibu iliyogeuka siki haifai kwa Misa, onja chupa iliyokaa wazi.

Vitambaa vya kufutia kalisi (kikombe cha divai ya Misa) hulowekwa kwanza kwenye maji peke yake. Maji hayo humwagwa kwenye sakrario, sinki linaloshuka moja kwa moja ardhini, au kwenye udongo safi. Baada ya hapo ndipo sabuni. Wageni wa kazi hii huvitupa vyote pamoja kwenye beseni la omo. Nta ikidondokea kitambaa cha altare, iache igande, ikwangue kwa ukucha, weka karatasi ya kunyonya juu na chini, kisha pitisha pasi ya moto wa wastani.

Mhazini
Kwa kifupi: kamati ya fedha ni lazima kila parokia. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au zaidi wasio wa nyumba moja, wasaini, iende benki. Iliyotolewa kwa ajili ya paa isinunue spika, hata kama spika zinahitajika kweli.

Mwanakwaya
Nabisha kidogo. Mnazungumza kana kwamba parokia ni jengo na makaratasi. Kanuni 515 inasema ni jumuiya ya waamini.

Karani wa parokia
Kweli kabisa, na jumuiya hiyo ina haki juu ya jengo lake. Askofu hawezi kuliondoa kanisa katika ibada kwa sababu nyingine nzito, mbali na uchakavu usiorekebishika, bila kulisikiliza baraza la mapadre na bila ridhaa ya wenye haki halali juu yake. Waamini wasioridhika na dekreto, yaani amri rasmi ya askofu, wamwombe kwanza askofu mwenyewe, kwa maandishi, aibatilishe au kuirekebisha. Muda ni siku 10 tangu kupata taarifa rasmi. Wengi huanza kukusanya saini mtaa kwa mtaa, wakifika ofisini muda umeshapita. Barua itangulie hata ikiwa na saini tatu.